Damu, Mkojo au Nywele: Kupima Kemikali Zilizokwisha Kuingia Mwilini

Viashiria vya kibaiolojia ni alama ambazo kemikali huacha ndani ya mwili wa mtu na ambazo maabara inaweza kuzisoma katika damu, mkojo, nywele, maziwa ya mama au hewa anayoitoa. Alama hiyo huenda ikawa kemikali yenyewe, kama risasi inavyopimwa katika damu ya mtoto. Huenda ikawa mabaki yaliyobaki baada ya ini kuivunja kemikali, au badiliko ambalo kemikali imelileta, mathalani kimeng'enya kilichopungua nguvu baada ya mkulima kunyunyizia dawa shambani. Kupima hewa, maji au udongo huonyesha kilichopo nje ya mtu. Kupima mwili huonyesha kilichoingia, kiwe kimepitia puani, mdomoni au kwenye ngozi. Ndiyo maana wachimbaji wawili walioshinda kwenye mwalo mmoja wa kuchenjulia dhahabu hutoa majibu tofauti kabisa ikiwa mmoja alikuwa akichoma dhahabu na mwenzake akibeba viroba vya mawe.

Hata hivyo, kipimo hicho hakisemi sumu ilitoka wapi, wala hakisemi kwamba mtu ni mgonjwa. Kina pia saa yake. Kikifanywa kwa sampuli isiyofaa au siku isiyofaa, jibu litakuja safi ilhali mtu ameathirika, na jibu safi la uongo ni baya kuliko kutopima, kwa sababu mhusika atarudi kazini akiamini yuko salama. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya sindano: kujua ni kemikali gani inashukiwa, iliingia kwa njia ipi, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Hakuna kipimo kimoja cha sumu zote. Anayekwenda maabara kuomba apimwe kila kitu ataondoka na bili kubwa na karatasi ndefu isiyojibu swali lake.

Zebaki ndiyo inayolionyesha jambo hili waziwazi. Kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, kama yale ya Geita, zebaki humwagwa kwenye mchanga wa mawe yaliyosagwa ili ishike dhahabu. Donge linalopatikana hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huwekwa juu ya moto wa mkaa hadi zebaki yote iruke na kuiacha dhahabu. Mvuke wake hauna harufu. Anayechoma huinama karibu na moto ili aone rangi inavyogeuka kutoka kijivu kwenda manjano, na hapo ndipo anapouvuta. Sehemu kubwa ya mvuke huo huingia kwenye damu kupitia mapafu, figo huikusanya, kisha huitoa polepole kwa mkojo. Kiasi kilichomo mwilini huchukua takriban miezi 2 kupungua hadi nusu. Kwa mchoma dhahabu, basi, sampuli inayofaa ni mkojo, na hata akipimwa wiki 3 baada ya kuacha kazi bado alama itaonekana.

Zebaki ya kwenye samaki ni habari nyingine. Ikifika majini, vijidudu huibadilisha kuwa zebaki ya methili, nayo hupanda kutoka kwa samaki mdogo hadi kwa samaki mkubwa anayemla. Aina hii hutoka mwilini kwa njia ya nyongo na choo, na kidogo sana kwa mkojo. Mtu anayekula samaki wakubwa kila siku anaweza kuwa na mkojo usioonyesha lolote huku damu na nywele zake zikisema kweli. Nywele zina faida ya pekee: hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, na kila kipande huhifadhi zebaki ya mwezi wake. Nchini Iraq, mwaka 1971 na 1972, ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya zebaki ya methili ilisagwa ikaokwa mikate. Watu zaidi ya 6,000 walilazwa na mamia wakafa. Wachunguzi walikata nywele za walionusurika sentimita kwa sentimita, wakaweza kusoma ni mwezi gani sumu ilipanda na lini ilianza kushuka. Japani walikwenda mbali zaidi. Familia nyingi huko hukausha kipande cha kitovu cha mtoto na kukitunza, na vipande vya watoto waliozaliwa karibu na ghuba ya Minamata, iliyokuwa imechafuliwa kwa zebaki, vilipopimwa miaka mingi baadaye, vilionyesha zebaki ambayo mama zao waliila katika samaki wakiwa wajawazito.

Kwa mchimbaji nywele hazifai sana. Mvuke na vumbi hugandia juu ya unywele, na maabara haiwezi kutenganisha kwa uhakika kilichotoka ndani na kilichotua kutoka nje. Mwaka 2003, wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa walipochukua damu, mkojo na nywele za wakazi wa Rwamagasa mkoani Geita, walioonekana kubeba mzigo mkubwa zaidi walikuwa wale wanaochoma donge. Kiongozi wa kikundi cha wachimbaji mwenye fedha za kuwapima watu wachache tu aanze na hao, kisha wake na watoto wa nyumba ambamo dhahabu huchomewa jikoni.

Zebaki hufika pia kwa watu wasiowahi kuona machimbo. Baadhi ya krimu na sabuni za kujichubua, zikiwemo zinazotiwa kwenye mkorogo, zina chumvi ya zebaki inayopenya kwenye ngozi. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, ulizuia vipodozi vyenye zaidi ya miligramu 1 kwa kilo, lakini bidhaa za namna hiyo bado hupita mipakani bila maelezo ya kweli kwenye kopo. Anayezitumia hupimwa mkojo, na ni vizuri aende na kopo lenyewe, kwa kuwa zebaki iliyomo humo inaweza kupimwa pia. Watoto wanaolala naye na kutumia taulo moja wapimwe pamoja naye. Zebaki hushika kwenye shuka na mikononi, na mtoto mchanga huvuna asichopanda.

Namna ya kutoa mkojo huamua ubora wa jibu. Mchimbaji asitoe sampuli kwenye mwalo wala akiwa na nguo za kazi, kwa sababu chembe moja kutoka kwenye mkono wenye vumbi inaweza kuharibu kopo zima. Aoge, abadili nguo, anawe kwa sabuni, kisha afungue kopo wakati wa kulitumia tu. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora. Kwa kuwa aliyekunywa maji mengi hutoa mkojo mwepesi unaopunguza namba, maabara hupima na kreatinini, uchafu ambao mwili huutoa kwa kiwango kisichobadilika sana, halafu huandika pia zebaki kwa kila gramu ya kreatinini. Mkojo wenye kreatinini chini ya gramu 0.3 au juu ya gramu 3 kwa lita hukataliwa na sampuli hurudiwa. Wataalamu wa Ujerumani waliweka mipaka miwili inayotumiwa na wengi: chini ya mikrogramu 7 za zebaki kwa lita ya mkojo hakuna hofu, na juu ya 25 hatua zichukuliwe haraka. Kati ya hapo chanzo kitafutwe na kipimo kirudiwe.

Risasi hupimwa kwa damu, na wa kwanza kufikiriwa ni mtoto. Hutambaa, hutia vidole mdomoni, na tumbo lake hunyonya risasi nyingi kuliko la mtu mzima, hasa akiwa na upungufu wa madini ya chuma. Dalili zake ni za kawaida mno: kukosa hamu ya kula, tumbo kuuma, kufunga choo, uchovu, kuchelewa kuongea. Kwa dalili hizo mtoto anaweza kutibiwa malaria na minyoo mwaka mzima. Huko Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari kando kabisa ya nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alihangaika hospitalini na mtoto wake mgonjwa hadi kipimo cha damu kilipoonyesha risasi. Kutoka hapo aliwaongoza majirani kudai haki. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Watafiti waliolinganisha watoto wa Owino Uhuru na watoto wa mtaa mwingine wa Mombasa uitwao Bangladesh walikuta damu ya wale wa kwanza ina risasi karibu mara 2. Kulinganisha huko ndiko kulikoipa namba uzito. Jamii inayotaka kuthibitisha malalamiko yake ipimwe pamoja na kikundi cha watu wa hali ileile ya maisha wanaokaa mbali na chanzo.

Kipimo cha haraka hutumia tone la damu ya kidoleni. Ni rahisi, lakini vumbi lililo kwenye ngozi huingia kwenye tone na kulipandisha jibu. Mikono ya mtoto ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, ikaushwe kwa karatasi safi, na baada ya hapo asiguse kitu, hata nguo ya mama yake. Tone la kwanza hufutwa, na linalofuata ndilo hukingwa bila kukwangua kidole. Likionyesha namba ya juu, damu ya mshipa ichukuliwe kuthibitisha, tena kwa mrija uliotengenezwa kwa ajili ya kupima metali. Mzazi ana haki ya kuuliza kama mrija ni wa aina hiyo, na mtaalamu mzuri hatakasirika.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilisema kuwa mtu mwenye mikrogramu 5 au zaidi za risasi kwa desilita ya damu lazima chanzo chake kitafutwe na kuondolewa. Kwa mtoto mwenye 45 au zaidi, matibabu ya dawa za kutoa risasi huanza kufikiriwa kwa uzito. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kabisa, kwa hiyo 4 si kibali cha kuendelea kuyeyushia betri uani. Dawa bila kuondoa chanzo ni kazi bure. Chanzo chenyewe si kiwanda kila mara. Huenda kikawa rangi ya zamani inayobanduka, sufuria za kienyeji zilizosubiwa kwa vyuma chakavu, wanja wa jiwe, au nguo za kazi za baba zinazofuliwa pamoja na za watoto.

Nusu ya risasi iliyo kwenye damu huondoka kwa muda wa mwezi mmoja hivi, lakini nyingi huwa imehamia mifupani, inakokaa miaka. Ndiyo sababu mfanyakazi aliyeacha kuyeyusha betri huona namba ikishuka vizuri, kisha ikikwama. Na mwanamke aliyebeba risasi tangu utotoni anaweza kuiachia tena kwenye damu wakati wa ujauzito, mifupa inapotoa kalisi kwa ajili ya mtoto. Aeleze historia hiyo kliniki hata kama miaka 10 imepita.

Viuatilifu vya jamii ya ogano-fosfeti hupimwa kwa athari yake. Hukifunga kimeng'enya kinachoitwa kolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuzima ishara za neva, na kikifungwa mtu hutokwa na jasho na mate, macho huingia giza, misuli hutetemeka. Kimeng'enya hicho hupimwa kwenye chembe nyekundu za damu na kwenye majimaji ya damu. Tatizo ni kwamba watu wenye afya hutofautiana sana kwa kiwango chao cha asili. Ikiwa maabara inakubali wigo wa 5 hadi 12, mnyunyiziaji ambaye kawaida yake ni 11 akishuka hadi 7 ataandikiwa kuwa yuko sawa, na kumbe amepoteza zaidi ya theluthi moja. Njia pekee ya kumlinda ni kumpima kabla ya msimu, akiwa amekaa angalau siku 30 bila kugusa dawa hizo, na kuitunza namba yake mwenyewe.

Jimbo la California nchini Marekani, ambako wanyunyiziaji hupimwa kwa sheria tangu miaka ya 1970, linatoa kanuni inayoweza kuigwa na shamba lolote la maua, kahawa au mboga. Kiwango kikishuka chini ya asilimia 80 ya kawaida ya mtu, utaratibu wa kazi hukaguliwa: bomba linalovuja, glavu zilizotoboka, kuchanganya dawa kwa mkono. Kikifika asilimia 70 kwenye chembe nyekundu, au 60 kwenye majimaji ya damu, mtu huondolewa kwenye dawa hadi arudi asilimia 80. Sampuli zote zipelekwe maabara ileile, kwa kuwa namba za maabara mbili hazilinganiki. Jamii ya kabameti husumbua zaidi, kwani hukiachia kimeng'enya ndani ya saa chache, na mnyunyiziaji aliyezidiwa asubuhi akifika hospitali ya wilaya jioni anaweza kukutwa na kipimo cha kawaida. Ana dalili, ana chupa ya dawa mkononi. Atibiwe kwa hivyo, bila kusubiri karatasi.

Moshi wa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unahitaji mwendo wa haraka kuliko yote. Kabonimonoksidi, gesi iliyomo kwenye moshi huo, hushika himoglobini ya damu, na kwa anayepumua hewa ya kawaida nusu yake huachia kwa saa 4 hadi 6. Akipewa oksijeni safi, muda huo hushuka hadi saa moja na nusu hivi. Damu ichukuliwe mapema, lakini oksijeni isicheleweshwe kwa ajili yake. Kifaa cha kubana kidoleni kinachoonyesha oksijeni hudanganya hapa: aina ya kawaida haiwezi kutofautisha gesi hiyo na oksijeni, na mgonjwa anayezimia husomeka 98.

Kwa arseniki sampuli ni mkojo, na mhusika asile samaki, pweza wala kamba kwa siku 3 au 4 kabla, kwa sababu viumbe vya bahari vina arseniki ya aina isiyo na madhara makubwa ambayo hupandisha jumla. Kwa mkazi wa pwani sharti hili si dogo, na akishindwa kulitimiza aombe maabara itenganishe aina. Wauza mafuta vituoni hupimwa mabaki ya benzini kwenye mkojo mwisho wa zamu. Wakipimwa asubuhi ya siku ya mapumziko, alama huwa imekwisha kutoka.

Sumukuvu haikutengenezwa na kiwanda chochote, lakini kwa Afrika Mashariki ni kemikali inayostahili kupimwa kuliko nyingi za viwandani. Ukungu wa kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu huizalisha, nayo huharibu ini. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao walifariki. Damu za wagonjwa zilikutwa na sumukuvu nyingi iliyogandamana na protini ya albumini kuliko za majirani waliobaki wazima. Alama hiyo huonyesha ulaji wa wiki nyingi zilizopita, ilhali ile ya kwenye mkojo husimulia siku moja au mbili tu. Kwa familia moja, kupima mahindi yaliyo ghalani ni rahisi na kuna faida ya haraka zaidi. Damu hupimwa pale afya ya jamii inapotaka kujua mzigo wa wilaya nzima, au kama mpango wa kukausha mahindi umeleta nafuu.

Jibu likija, cha kwanza kutazama ni kizio. Mikrogramu 5 za risasi kwa desilita ni sawa na 50 kwa lita, na ni sawa na mikromoli 0.24 kwa lita, na watu wameogopa au kutulia bure kwa kuchanganya hivyo. Cha pili ni maana ya mpaka ulioandikwa pembeni. Mipaka mingine huonyesha tu kile kinachoonekana kwa watu wengi wa nchi fulani. Mingine huonyesha pale madhara yanapoanza. Kuwa juu ya mpaka wa kwanza humaanisha mtu amekutana na kemikali kuliko wenzake, basi. Kupatikana kwa mabaki ya kiuatilifu cha DDT kwenye maziwa ya mama, kwa mfano, si sababu ya kumwachisha mtoto kunyonya.

Kuna biashara ya kuepukwa kabisa. Mteja hupewa dawa ya kuvuta metali kisha mkojo wake hupimwa, na namba hulinganishwa na mipaka ya watu wasiopewa dawa hiyo. Dawa hiyo humtoa metali hata mtu mzima wa afya, kwa hiyo karibu kila anayepimwa hivyo huambiwa ana sumu, kisha huuziwa tiba ya kusafisha mwili. Madaktari bingwa wa sumu wa Marekani wameikataa njia hiyo hadharani, na baadhi ya dawa hizo zinaweza kumshusha mtu kalisi hadi moyo kusimama.

Kwa mwajiri na kiongozi wa kijiji, namba za kundi husema kuliko ya mtu mmoja. Wastani wa risasi katika damu ya Wamarekani ulishuka kutoka mikrogramu 12.8 kwa desilita mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 2.8 kati ya mwaka 1988 na 1991, na sababu kubwa ilikuwa kuondolewa kwa risasi kwenye petroli. Hakuna daktari aliyewatibu watu hao mmojammoja. Vivyo hivyo wanyunyiziaji 8 kati ya 10 wakishuka kiwango kwa pamoja, kasoro iko kwenye pampu, vifaa vya kujikinga au ratiba ya kazi, na kumfukuza mwenye namba mbaya zaidi hakutibu lolote. Majibu ya kila mmoja ni siri yake. Mwajiri apewe jumla, na neno moja tu kuhusu mtu binafsi: anafaa kwa kazi hiyo sasa au hafai.

Kipimo kirudiwe kwa saa ya kemikali yenyewe. Risasi ya juu kiasi hurudiwa baada ya mwezi 1 hadi 3 tangu chanzo kiondolewe, zebaki ya mkojo baada ya miezi 2, kolinesterasi kila baada ya wiki chache wakati wa msimu wa dawa. Kwenye kila karatasi kuandikwe tarehe, saa ya kutoa sampuli, aina ya sampuli, jina la maabara, kazi iliyokuwa ikifanyika, na saa au siku zilizopita tangu mara ya mwisho kugusa kemikali. Mfanyakazi abaki na nakala nyumbani. Nchini Tanzania, madai ya ugonjwa wa kazini hupelekwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na ugonjwa wa figo au wa neva unaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mwajiri kufunga ofisi. Karatasi yenye maelezo hayo ndiyo itakayokuwa imebaki na ushahidi wa kilichokuwa mwilini wakati ule.